Wanawake wa alfajiri: toka Mlima Elgon hadi ukingo wa ziwa letu

Lweba, Fizi – Huku Lweba jua halitokei mlimani, linatokea majini. Anayesimama mchangani kabla ya saa kumi na mbili anaona kwanza upande wa Burundi unapauka, halafu unakuwa mwekundu, halafu mitumbwi ya wavuvi wa ndagala inaonekana ikirudi mmoja mmoja. Wakati huo wamama wengi wa hapa wamekwisha kuamka zamani. Mmoja ana bidoni ya maji kichwani, mwingine ana jembe begani na mtoto mgongoni anaelekea shamba la mihogo, wa tatu amekaa ufukoni na beseni lake anangoja samaki.

Waliosoma sehemu ya Kilatini-filozofia kwenye shule zetu za sekondari walifundishwa kwamba Waroma wa kale walikuwa na mungu wa kike wa alfajiri, jina lake Aurora. Wagiriki walimwita Eos, wakasema kila asubuhi anatangulia mbele ya jua na kulifungulia njia. Wahindi walimwita Ushas, na katika Rigveda, maandiko yao ya zamani sana, nyimbo kama ishirini zinamsifu yeye. Wagiriki hao hao walikuwa na Persephone, binti aliyechukuliwa kwa nguvu na mfalme wa kuzimu. Anaporudi kwa mama yake Demeter majani yanachipua, anaposhuka tena dunia inakauka. Hata neno la Kiingereza la Pasaka, Easter, mtawa Bede aliandika mwaka wa 725 kwamba limetoka kwa Eostre, mungu wa kike ambaye Waingereza wa kale walimfanyia sikukuu mwezi wa Aprili. Kiswahili kilipita njia nyingine: Pasaka yetu asili yake ni Kiebrania.

Basi vijana wengi wanaamini kwamba alfajiri ilipewa mungu wa kike huko Ulaya na India, na huku Kivu ikapewa jembe. Historia inasema vingine, na ndani yake kuna kituko. Mtu aliyefundisha kwamba miungu hao wa kike ni picha za maisha ya ndani ya mwanamke alifika Afrika Mashariki mwenyewe. Aliona kwa macho yake alfajiri ikisalimiwa, akakaa majuma kadhaa, na karibu hakuongea na wanawake.

(Wachungaji na makatekista wasishituke. Hapa hakuna mtu anayeitwa arudie mizimu. Ni habari ya mambo ambayo mababu walisimulia, na ya wale waliokuja kuyaandika.)

Mtu huyo ni Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi aliyezaliwa mwaka wa 1875. Alifundisha kwamba chini ya yale mtu anayoyajua na kuyakumbuka kuna taswira ambazo wanadamu wote wanazo: mama mkuu, mtoto, mzee mwenye hekima, msichana anayekua. Hazifundishwi na mtu. Zinatokea zenyewe kwenye ndoto, kwenye hadithi na kwenye dini. Aliziita arketipu. Mwaka wa 1941 yeye na Karl Kerényi, mtaalamu toka Hungaria, walitoa kitabu juu ya mtoto wa kimungu na msichana wa kimungu, yaani yule Persephone. Wengine wakaendelea mbele. Erich Neumann alitoa mwaka wa 1955 kitabu kikubwa juu ya Mama Mkuu, na mwaka wa 1984 daktari mmoja wa Marekani, Jean Shinoda Bolen, akaandika kwamba kila mwanamke anaweza kujitambua katika mmoja wa miungu wa kike wa Ugiriki, ao katika kadhaa kwa pamoja. Persephone, kwa mfano, ni binti anayengoja kuambiwa cha kufanya mpaka siku anapoingia gizani, na huko ndiko anakokuwa malkia. Wanawake wengi duniani wanasema mawazo hayo yamewasaidia kujielewa. Shida ni kwamba orodha nzima ni ya Wagiriki.

Jung alishuka melini Mombasa mwezi wa Novemba 1925. Alikuwa na Mwingereza daktari Godwin Baynes na kijana George Beckwith, na baadaye mwanamke Mwingereza, Ruth Bailey, akajiunga nao. Walipanda treni hadi Nairobi, halafu wakaendelea hadi miteremko ya Mlima Elgon, mpakani kwa Kenya na Uganda. Huko walikaa na watu ambao Jung anawaita Waelgonyi. Alizungumza nao kwa Kiswahili, kamusi ndogo mkononi, na vikao vyake nao aliviita kwa neno letu, shauri.

Kila asubuhi aliona jambo moja. Jua linapochomoza watu walitoka nyumbani, wakatema mate mikononi ao wakapuliza pumzi kwa nguvu, kisha wakageuza viganja kulielekea jua. Akauliza maana yake ni nini. Wakamjibu kwamba ndivyo ilivyofanywa siku zote. Akauliza kama jua ni Mungu, wakacheka kama mtu anayeulizwa upuzi. Jua likiwa juu angani si kitu, ni jua. Ile dakika ya kuchomoza tu ndiyo mungu. Mwezi mwandamo nao, unapoonekana mara ya kwanza, ulisalimiwa vilevile. Jung alielewa kwamba mate na pumzi ni roho ya mtu, na akakumbuka kuwa neno roho liko karibu sana na ruh la Kiarabu na ruach la Kiebrania. Aliandika pia juu ya nyani waliokaa kimya mwambani kila asubuhi wakilielekea jua, kana kwamba nao wanangoja ibada ianze.

Kuna kitu ambacho mtu wa Fizi anakiona haraka pale na mgeni hawezi kukiona. Wale watu walisema mungu, na Kiswahili hakisemi kama mungu ni mume ao mke. "Anakuja" ni anakuja, awe baba ao mama. Kibembe ni hivyo hivyo, na lugha zote za jamii hii. Lakini Jung aliandika Kijerumani, na katika Kijerumani jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Mtu akitafsiri kwa Kifaransa mambo yanageuka: jua linakuwa la kiume, mwezi unakuwa wa kike. Kabla ya mtaalamu yeyote kuanza kutafuta mungu wa kike ao wa kiume wa Waafrika, sarufi ya lugha yake imekwisha kumchagulia nusu ya jibu.

Alipofika kwa wanawake, Jung anaeleza wazi kwamba hakuwa na mazungumzo nao. Huko, anasema, wababa huongea na wababa na wamama na wamama, na mgeni mwanamume anayeanza kuongea na wanawake anadhaniwa anatafuta mapenzi, heshima yake inaisha. Hilo mtu wa huku atalielewa. Hata leo mgeni akifika Lweba na kuanza kukaa jikoni na wake za watu, maneno yatafika kwa shefu kabla ya jioni.

Mara moja tu alitoka kwenye desturi hiyo. Kijana aitwaye Gibroat, mtoto wa mkubwa wa pale, alimpeleka kwa dada yake aliyeolewa. Jung alimkuta mwanamke mwenye utulivu, asiye na haya ya uongo, aliyempokea kama mwenye mji. Akajiuliza utulivu ule unatoka wapi. Jibu lake lilikuwa kwamba mwanamke huyu ana nyumba yake, watoto wake, mifugo yake midogo, moto wake wa jikoni na shamba lake, na neno shamba aliliandika kwa Kiswahili. Halafu akajiuliza kama wanawake wa Ulaya hawakupoteza kitu walipopoteza vile vyote.

Jibu lile ni zuri na lina upungufu mkubwa. Jung, bingwa wa ndoto na mambo ya ndani, alimweleza mwanamke kwa vitu alivyonavyo nje. Aliyoyaona yule mama alipoamka alfajiri na kupuliza mikononi hatuyasikii. Wanaume ndio walioulizwa juu ya ndoto. Mzee mmoja mganga, laibon, alijibu na machozi machoni kwamba zamani walaibon waliota, wakajua kama kuna vita ao ugonjwa, na mvua itanyesha wapi. Tangu Wazungu wafike hakuna anayeota tena, kwani mkuu wa wilaya Mwingereza anajua kila kitu. Maneno hayo yamerudiwa katika vitabu vingi duniani. Yule mama anatajwa kama dada ya Gibroat.

Toka Elgon Jung aliteremka hadi Uganda, akapita Ziwa Albert, ambalo ng'ambo yake ni Kongo, akafuata Nile hadi Misri. Hakuingia huku. Angeingia, angesimuliwa nini?

Hadithi iliyo karibu kabisa na miungu wa alfajiri na wa majira ya kuchipua haikuandikwa Kivu, iliandikwa kusini zaidi. Mjerumani Leo Frobenius aliikusanya mwishoni mwa miaka ya 1920 katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, akaitoa kitabuni mwaka wa 1931. Mungu Maori alimuumba mtu wa kwanza, Mwuetsi, ambaye ni Mwezi, akamweka ndani ya maji, mahali Frobenius anapopaandika Dsivoa. Mtu wa ukingo wa Tanganyika akilisikia neno hilo hahitaji sana kutafsiriwa, ni ziwa. Mwuetsi akataka kutoka nje, na alipotoka akakuta nchi baridi na tupu, bila jani moja. Akalia. Maori akampa mwenzi, Massassi, nyota ya asubuhi, kwa miaka miwili. Massassi akazaa majani, akazaa vichaka, akazaa miti, mpaka dunia ikafunikwa. Miti ilipogusa mbingu mvua ikaanza kunyesha.

Huyo ndiye Eos na Persephone katika mwili mmoja: alfajiri na kuchipua. Huku kwetu hakuna theluji ya kuyeyuka. Kuna kiangazi, toka Juni hadi Agosti, udongo mgumu na vumbi, kisha mvua ya Septemba inayowatoa watu wote na jembe. Massassi ni Septemba. Lakini miaka miwili ilipokwisha Maori alimchukua, akamrudisha majini, na Mwuetsi akalia tena. Mahali pake ikaja nyota ya jioni, Morongo, aliyezaa kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe, kisha wavulana na wasichana, na mwishoni, Mwuetsi alipokataa kusikia onyo, akazaa simba, chui, nyoka na nge. Watu wa Malawi nao wana hadithi ya mwezi na wake zake wawili, nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Elimu ya anga inasema nyota hizo mbili ni moja, Zuhura, inayoonekana miezi fulani kabla ya jua kuchomoza na miezi mingine baada ya jua kutua. Yule anayezaa miti na yule anayezaa nge ni mwanamke mmoja kwa saa mbili tofauti. Bolen alihitaji miungu saba wa Kigiriki kueleza jambo la namna hiyo.

Ng'ambo ya ziwa, Burundi, kuchipua kulikuwa kazi ya serikali. Kila mwaka, karibu na Desemba, mwami alifungua majira ya kupanda mtama kwa sherehe ya umuganuro. Ngoma takatifu, Karyenda, ilikuwa na mke: msichana aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, aliyeitwa Mukakaryenda, yaani mke wa Karyenda. Kando yake alikuwepo Mukakiranga, mke wa roho Kiranga, mwenye sauti kubwa katika mambo ya ibada. Bila wanawake hao sherehe haikukamilika. Chini ya Wabeleji na wamisionari umuganuro ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ngoma zilibaki, na mwaka wa 2014 UNESCO ikaiandika ngoma yao ya kifalme kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Halafu mwezi wa Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi ikakataza wanawake kuzipiga. Wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda, karibu na hapa, tangu mwaka wa 2015 wanaijua habari hiyo kuliko mtu yeyote. Ngoma iliyokuwa na mke sasa haiguswi na mwanamke.

Upande wa Walega na Wabembe kulikuwa na bwami. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbeleji, aliyefika kwa Wabembe mwaka wa 1949 na baadaye kwa Walega, aliandika kwamba kwa Walega mwanaume hakuweza kupanda hadi ngazi za juu bila mke wake kupandishwa pamoja naye. Wanawake walikuwa na ngazi zao, na ya juu iliitwa bunyamwa. Mwenye ngazi hiyo aliheshimiwa kama mkubwa, na mume wake hakuweza kumfukuza kama mtu anayefukuza kuku. Serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku, mara ya mwisho mwaka wa 1948. Wanaposimulia leo watu husema "wazee wa bwami", na wanawake wanasahauliwa.

Lakini mwanamke wa alfajiri wa Kivu hasa ni Iyangura. Wanyanga wa Walikale wanamsimulia ndani ya utenzi wa Mwindo, ambao mzee Candi Rureke aliuimba kwa siku nyingi mwaka wa 1956 mbele ya Biebuyck, na ambao Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha mwenyeji wa huko, waliutoa kitabuni mwaka wa 1969. Shefu Shemwindo aliwakataza wake zake kuzaa wavulana. Anataka wasichana tu, na wanaojua desturi wanaelewa kwamba wasichana huleta mahari. Mwindo akazaliwa mvulana. Baba akajaribu kumwua, ikashindikana, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaenda na maji hadi kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa mwenye maji. Iyangura akashika kisu, akachana ngozi ya ngoma, na alichokiona ndani ni mwanga, kama miale ya jua linalochomoza na ya mwezi kwa pamoja. Ndiye Mwindo.

Eos hufungua mlango na kupita. Iyangura anafungua ngoma kwa kisu, halafu anabaki na mzigo. Mwindo anapomfuata baba yake chini ya ardhi anamwachia shangazi ncha ya kamba: ikitulia, ajue amekufa. Mtoto yuko gizani anapigana na wakubwa wa kuzimu, na mwanamke amekaa juu, kamba mkononi, anasikiliza kama inatikisika. Kama kuna picha ya maisha ya ndani ya mwanamke iliyotoka Kivu, ni hiyo. Wamama wa Fizi ambao watoto wao walikwenda machimbo ya dhahabu, ao waliingia porini na vikundi vya silaha, ao walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, hawahitaji Persephone kuielewa. Simu tu imechukua nafasi ya kamba.

Na Iyangura hanyamazi. Vita vinapoisha linakaa baraza kubwa, Shemwindo anasema, Mwindo anasema, naye anasimama mbele ya watu wote na kumlaumu kaka yake kwa kubagua watoto, wengine wazuri, wengine wabaya. Hakuna anayemwambia akae chini.

Ile orodha ya Jung, nyumba, moto, watoto, mifugo, shamba, ina habari yake Kongo pia. Sheria ya familia ya mwaka wa 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Miaka 29. Vijijini, mwanamke anayekwenda shambani alfajiri bado mara nyingi analima udongo wa mume, wa baba mkwe ao wa kukodi, na mume akifa wakwe wanaweza kufika na kamba ya kupimia kabla matanga hayajaisha.

Kuhusu baraza, Fizi ina lake. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari wa serikali waliingia Fizi kati, wakapora na kubaka wanawake wengi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka. Wanawake makumi walifika kutoa ushuhuda, wengine nyuso zimefunikwa, na kamanda wa askari hao akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Wengi huko nje walifika kuwauliza mambo hayo tangu hapo, waandishi, mashirika, watafiti, daftari mkononi. Juu ya ndoto zao, nyota ya asubuhi, ao jina ambalo nyanya zao waliliita lile jua linapotoka majini, hayo hayakuwa kwenye maswali.

Bibi wenye kujua hadithi bado wapo Lweba, Mukolwe na Baraka. Anayetaka kuwauliza afike jioni, sombe ikiwa motoni. Alfajiri hawana nafasi.